Bastola ya Boksi la Uji

Bastola ya kwanza kuishika maishani mwangu ilikuwa na picha ya mtoto anayekula uji. Ilikatwa kwenye maboksi ya uji wa ngano, yale magumu, na ilikuwa kubwa kama kiatu cha mtu mzima. Uso wa mtoto ulibaki kwenye mwili wa bastola, kijiko kikaenda na ile sehemu ya juu inayoteleza, kwa hiyo ukiivuta nyuma na kuiachia kama wafanyavyo watu wa sinema, mtoto analishwa. Fundi, aliyeibuni, alisema imetokea tu. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alisema mtu mzima na akili zake alikaa jioni nzima akigeuzageuza boksi mpaka kijiko kilipofika mdomoni.

Siku hiyo lakini sehemu ya juu ilikwama katikati, kijiko kikabaki kidevuni.

"Bado," alisema Fundi, akaichukua mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake.

Nilikuwa nimetoka Tanga kuja kusomea uhandisi wa mitambo, na nilikuwa nimehamia wiki ileile kwenye chumba cha nyuma cha nyumba waliyopanga yeye na Mama mtaa wa Glenwood, huku kusini kwa Wazulu. Mtu mwingine angecheka. Mimi nilirudi chumbani nikafungua kompyuta kutafuta kama mgeni mwenye kibali cha masomo anaweza kufukuzwa nchini kwa kosa la kushika bastola ya boksi. Sikupata jibu. Kukosa jibu kukanitisha zaidi, maana niliona labda kosa ni kubwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuliandika.

Nilikaa kwao miaka minne. Ninapomkumbuka Fundi simkumbuki kwa mpangilio, namkumbuka kwa vitu: kalamu ya risasi nyuma ya sikio, kopo la mafuta ya mashine mfukoni, na kalenda za zamani alizokusanya kwa majirani ili achore upande wa nyuma. Alichora bastola moja tu. Ile ile, miaka yote, kila jioni baada ya chakula, kama mwingine anavyosali au kucheza karata.

Kazi yake halisi ilikuwa kutengeneza cherehani. Meza yake ilikuwa soko la Warwick, chini ya barabara ya juu, mwisho wa safu ya washonaji, kati ya mwanamke anayeuza mahindi ya kuchemsha na mzee anayeuza dawa za mizizi. Alirudi nyumbani akinuka vyote vitatu: mafuta, mahindi na mizizi. Alikuwa na desturi ya kutoigusa mashine kabla ya kuisikia. Alimwambia mteja ashone, yeye anageuka mgongo na kuangalia teksi zinavyogombania abiria, kama mtu asiyehusika. Kisha anatoa hukumu bila kugeuka.

"Hii mumeilisha mafuta ya kupikia."

"Eish, Baba, mara moja tu," mteja anasema.

"Mara moja ya kila juma. Nasikia viazi ndani."

Kizulu alikiongea kwa lafudhi ya Bukavu, Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu pia, na Kifaransa alikitumia kama chumvi, kidogo kidogo na mahali pote. Mimi aliniita *ingénieur wangu*, yaani mhandisi wake, hata kabla sijamaliza mwaka wa kwanza, na alipenda kunitambulisha hivyo kwa wateja ili nione aibu. Nikiwa na aibu, alisema, nafanana na mashine inayovuta uzi sana.

Kila kitu duniani kwake kilikuwa jamaa wa cherehani. Lifti ni cherehani inayoshona watu kwenye ghorofa. Robot ya barabarani, kama wanavyoita huku taa za kuongozea magari, ni cherehani ya rangi tatu iliyokosa fundi. Bastola ya kujirudisha yenyewe, ile inayopiga mara moja kila ukibonyeza na kujiandaa tena kwa inayofuata, ni cherehani iliyokosa malezi. "Angalia," aliniambia, akipiga meza kwa kidole kuniwekea mdundo. "Inaenda mbele, inarudi, inachukua ingine, inangoja. Inaenda mbele, inarudi, inachukua ingine, inangoja. Sasa ile iko nini kama haiko mushono?"

"Ni mshono usio na nguo, Papa."

"Voilà. Ndiyo shida yake."

Watu walishangaa kwamba mtu wa besi kwenye kwaya, mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya bunduki, apitishe jioni zake kwa kubuni bastola. Alikuwa na majibu kadhaa na aliyatoa kulingana na muulizaji. Mchungaji alijibiwa kwamba daktari anasoma ugonjwa bila kuupenda. Mwenye nyumba alijibiwa kwamba ni hesabu tu, zinazuia uzee. Mama hakupewa jibu lolote. Mimi, siku moja tukiwa tunamenya vitunguu, nilijibiwa hivi: "Ile kitu ilinitoa kwangu. Miaka yote sikuwahi kuona ndani yake. Mutu akikufukuza, si unataka hata kujua jina lake?"

Halafu akasema vitunguu vya nchi hii ni vikali mno.

Hakuwahi kupiga risasi. Hakuwahi hata kushika bastola ya chuma, na hakutaka. Alikuwa na sheria zake, na alizishika kuliko watu wengi wanavyoshika za serikali: karatasi, kalamu, boksi. Chuma hakiingii. Msumari ulipoletwa mezani siku moja kushikilia vipande viwili, aliutoa nje mpaka uani na kuutupa ng'ambo ya ukuta. "Ukiweka chuma, wazo linakuwa kitu," alisema. "Wazo haliombi leseni. Kitu kinaomba leseni, tena kinaomba jela."

Kelele ndiyo hakuitaka kabisa. Wakati wa Diwali, majirani wetu Wahindi walipowasha fataki, Fundi alijifungia bafuni na redio, sauti ya juu, akiimba besi ya wimbo wowote uliokuwa ukipigwa, hata kama haukuwa na besi. Akitoka alirudi mezani kwenye mchoro wake na kuongeza mstari mmoja, kama mtu aliyejibu tusi.

Mawazo yake yalikuwa mengi na mengine yalikuwa ya kipuuzi waziwazi. Alitaka bastola iwe na kidirisha cha kuonyesha kuwa ni tupu, kama mshonaji anavyoona uzi wa chini umekwisha, kwa sababu, alisema, nusu ya misiba ya dunia inasababishwa na watu wanaosema "haina kitu". Alitaka iwe na uzito unaohamahama, ili mwenye hasira aone mkono unachoka kabla ya hasira. Alifikiria bastola ambayo lazima uifungue kwa hatua saba. Mimi wazo hilo nililiunga mkono sana, nikapendekeza ziwe tisa. Akaniangalia.

"Wewe utakufa kwa hatua ya pili, ingénieur. Utakuwa unauliza kama ile ya kwanza ulifanya vizuri."

Lakini wazo lake kuu lilikuwa moja, na hilo halikuwa la kipuuzi. Aliliita *Huruma*. Ile sehemu ya juu ya bastola ina springi nzito, na mwenye vidole vinavyouma hawezi kuivuta, kwa hiyo hawezi hata kuifungua ahakikishe ni tupu. Fundi aliweka mkono mdogo ubavuni, aliouiba kutoka kwenye ule wenzo wa cherehani unaonyanyua mguu unaokandamiza nguo. Mkono huo unabeba sehemu ya uzito. Aliuchora kwa kupima vidole vya Mama, ambavyo baada ya miaka ya mkasi na sindano vilikuwa vimevimba kwenye viungo kama tangawizi.

"Kwani Mama atashika bastola?" nilimuuliza.

"Mama? Mama akishika bastola atapigia misumari."

"Sasa kwa nini umepima mkono wake?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nafahamu mukono gani mwingine?"

Jioni nyingine tulitazama kwenye simu wanaume wenye ndevu, wa ng'ambo, wakijadili bastola walizozibuni kwa kujifurahisha. Fundi hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo mimi nilitafsiri na yeye alibishana nao. Walikuwa wanazungumza kupitia jukwaa la mtandaoni, mtu anaeleza wazo lake na wengine wanalipasua. Akanisihi niulize kuhusu Huruma. Nilikataa miezi mingi. Mwisho niliandika swali la mistari mitatu lililotanguliwa na maelezo ya mistari ishirini: kwamba hatutengenezi chochote, kwamba hatuna nia ya kutengeneza, kwamba mwulizaji ni mzee wa kanisa, kwamba kila kitu ni cha boksi. Tukasubiri. Baada ya siku nne lilikuja jibu moja tu, kutoka kwa mtu aliyejiita kwa jina la ndege.

"Anasema nini?" Fundi aliuliza.

"Anauliza kama hii ni cherehani."

Fundi akaegemea kiti, akaridhika kabisa. "Ameelewa."

Na kuna habari ya tumbili. Glenwood ina tumbili wengi, wanaingia jikoni na kutoka na mkate kama wapangaji. Asubuhi moja mmoja aliingia, akaacha mkate, akachukua bastola. Nadhani alivutiwa na picha ya uji. Alikaa nayo juu ya ukuta wa jirani, akiishika vilevile inavyotakiwa kushikwa, na jirani, mwanamke wa makamo mwenye mbwa wawili, akapiga simu kwa kampuni ya ulinzi kusema tumbili ana silaha. Gari lilikuja. Mlinzi alisimama barabarani, mikono kiunoni, akimtazama tumbili, tumbili akimtazama yeye.

"Ni ya nani hii, Baba?" mlinzi alimuuliza Fundi.

"Yangu. Lakini sikumupatia ruhusa."

"Inafanya kazi?"

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikijiona tayari uwanja wa ndege. Fundi alifikiri muda mrefu mno kwa swali la namna ile, akajibu kwa huzuni ya kweli: "Hapana. Inakwama."

Tumbili alimla mtoto wa uji kuanzia kijiko. Mlinzi aliomba picha, akaondoka akicheka. Fundi hakucheka. Jibu alilompa mlinzi lilikuwa limemchoma.

Kwa sababu ilikuwa kweli. Bastola ilikwama, kila moja aliyoijaribu, na alijaribu nyingi. Alichora kwenye mgongo wa kalenda, mara mbili ya ukubwa wake kwa sababu ya macho, akanakili kwenye boksi kwa karatasi ya kaboni, akampa Mama akate. Mama alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mkasi wake. Mkasi wa nguo haukati karatasi, kila mshonaji anajua, karatasi inaua makali. Kwa hiyo kwa ajili ya bastola alikuwa na mkasi mwingine, wa zamani, aliouita mstaafu. Alikata haraka, bila kutazama sana, huku akiongea na simu au akinikaripia kwa kutokula. Fundi akaunganisha vipande. Vikakwama. Akarudi kwenye mchoro, akapima mstari kwa mstari, akaukuta sawa. Akachora upya, Mama akakata, vikakwama.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Mwaka wa nne haukuwa mzaha tena. Nilianza kumwona akipima kitu kimoja mara tatu, halafu anarudia ya nne akiwa amefumba jicho moja. Nikipita Warwick nilimkuta ameishika sindano ya cherehani kwenye mwanga, anaigeuza, anairudisha. Wateja wenye mashine ngumu aliwaelekeza kwa fundi wa Kirundi aliyekaa meza ya tatu, kijana mpole aliyempenda Fundi kama baba mdogo. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Mashine ya mutu ni ugali wake," alisema. "Mimi napima, naona kumi. Kitu inatoka, haiko kumi. Ao macho inanidanganya, ao kichwa. Mutu kama huyu anaweza kufungua mashine ya mama wa watoto?"

"Papa, ni boksi tu."

"Ndiyo. Hata boksi inanishinda."

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba atampa yule Mrundi vifaa vyake vyote. Bure. Vifaa havitakiwi kukaa na mtu asiyeviamini tena vipimo vyake. Akimaliza kazi zilizobaki mezani, atakaa nyumbani.

Hapo ndipo nilipokubali kitu nilichokikataa tangu nianze kujua kutumia programu ya kuchorea ya chuoni: kumchorea bastola yake kwenye kompyuta. Nilikuwa nimemaliza masomo, nasubiri kazi na kibali kipya, na wazo la kuwa na bastola ndani ya kompyuta yangu lilinikosesha hamu ya kula. Nikaandika juu ya mchoro, kwa herufi kubwa, SI SILAHA, NI WAZO. Kisha nikaingiza namba zake moja moja, kutoka kwenye kalenda zake, pamoja na Huruma.

Kila kitu kiliingia. Mara ya kwanza. Niliisogeza sehemu ya juu kwenye kioo, ikaenda, ikarudi, ikachukua, ikangoja.

Mwenye akili ya kawaida angekimbia kumwambia. Mimi nilidhani nimekosea. Kwa siku tatu nilipima upya, nikabadili programu, nikajiuliza kama shahada yangu ni halali. Siku ya nne ndipo nilipofanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya nyumbani mle: nikachukua kipande cha boksi, si mchoro, kile cha boksi chenyewe, nikakipima.

Kilikuwa kimezidi. Si sana, upana wa punje ya mchele. Nikapima kingine. Punje ya mchele. Kila ulimi wa kuchomeka ulikuwa mpana kwa punje ya mchele kila upande, kila tundu lilikuwa jembamba kwa kiasi hichohicho. Ukitazama vizuri uliona mstari wa kaboni ukikimbia ndani ya ukingo, kipande chote kuzunguka, sawasawa, safi, kama uzio.

Jioni ile nikakaa karibu na Mama akikata. Mkasi haukupita juu ya mstari. Ulipita nje yake, pembeni kidogo, kwa uhakika wa mtu ambaye hajakosea maishani. Alikuwa anaacha nafasi ya kushonea.

Nilimwambia kesho yake, Fundi akiwa Warwick. Nilizunguka sana, nikaanzia mbali, nikasema kuna jambo dogo ambalo huenda si jambo, na kwamba inawezekana nimeona vibaya.

"Sema, mwanangu, mchele unaungua."

Nikasema. Alikataa. Akachukua kipande cha boksi na mkasi mstaafu, akakata mbele yangu ili anionyeshe, akanyanyua, akatazama. Alicheka mpaka akakaa chini. Alifuta macho kwa kitambaa cha gauni la mtu. "Nashonea bastola pindo," alisema. "Nashonea bastola pindo, Mungu wangu." Halafu kicheko chake kikaondoka usoni kidogo kidogo.

"Hajapima boksi hata siku moja?" aliuliza.

"Anapima mchoro tu."

"Kwa sababu niliikata mimi," alisema Mama. "Tangu ananioa hajarudia kupima kitu nimekata mimi."

Tukakaa. Mchele uliungua kweli.

"Miaka mine anafikiri ni kichwa yake," akasema. Kisha akaniambia nisimwambie. Kisha akasema nimwambie. Kisha akasema hapana, ni jambo la mume na mke, atamwambia yeye mwenyewe, nimwachie. Naomba niseme ukweli: nilifurahi. Juma lile nilikuwa nimepata kazi kwenye karakana ya pampu za maji, na nilikuwa nahamia mtaa wa Morningside kushirikiana chumba na binti wa kutoka Arusha. Nilibeba masanduku yangu nikijiambia kwamba jambo liko mikononi mwa mwenyewe. Fundi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinipa kopo la mafuta ya mashine kama zawadi, akaniomba nisiwape watu wa pampu.

Wiki tatu baadaye Mama alinipigia simu. Hakusalimia. "Mrundi anakuja Jumamosi saa sita mchana kuchukua vifaa," alisema. "Mimi nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo, natoka na habari ya mboga. Njoo asubuhi."

Nilifika saa nne. Sanduku la vifaa lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba, bisibisi zimepangwa kwa urefu juu yake kwenye kitambaa. Fundi alikuwa amevaa shati la kanisani. Alionekana msafi na mdogo, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mama alikuwa kwenye cherehani yake kona ya chumba, anashona mshono uleule anaurudia, bila kugeuka.

"Ingénieur wangu," alisema Fundi. "Umekuja kuaga meza?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani. Ilikuwa na utangulizi, sababu, na tahadhari. Sikuitumia. Niliomba kalenda ya mwisho na vipande vya boksi vilivyokatwa kutoka kwayo, nikaviweka juu ya mchoro, kimoja kimoja, kila kipande juu ya picha yake. Kisha nikakaa kimya, jambo ambalo sikulizoea.

Fundi aliinama. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa. Kila kipande kiliufunika mstari wake na kuuzidi kidogo, pande zote. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa boksi, kisha kwenye mstari wa kaboni, akarudi kwenye ukingo. Alirudia hivyo kwa ulimi mmoja, kwa tundu moja, kwa Huruma. Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza.

"Donc," alisema mwishowe, polepole, "kichwa yangu iko muzima."

"Ni mkono wangu," Mama aliuambia ukuta. "Mkono wangu unaacha pindo. Sikujua. Nimejua wiki tatu, nikashindwa kukuambia."

Nilijiandaa kwa mambo mengi: kilio, ugomvi, Fundi kunilaumu kwa kuchelewa, mimi kujieleza. Fundi alichukua kipande kipya cha boksi, akakiwekea kaboni, akanakili ulimi mmoja kwa uangalifu, akavuka chumba na kukiweka mbele ya Mama pamoja na mkasi mstaafu.

"Kata."

"Papa wa watoto, usinichekeshe mbele ya mtoto."

"Kata tu. Ufuate mustari."

Mama alikata. Alikata polepole, ulimi nje ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, macho kwenye mstari, mkasi juu ya mstari. Alikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya kwanza. Kwenye kona mkasi ulitoka. Sote watatu tuliuona ukitoka. Uliachana na mstari kwa upana wa punje ya mchele na kwenda zake, kwa amani kabisa, mpaka mwisho. Mama aliweka mkasi chini na kufunika uso.

Fundi alikivuta kiti, akakaa kando yake, akatoa kalamu nyuma ya sikio. Juu ya kipande kingine alinakili ulimi uleule, kisha ndani ya mstari huo akachora mstari wa pili, mdogo zaidi, umepungua kila upande kwa kiasi kilekile. Alifuta ule wa nje kwa kidole chenye mate mpaka ukapotea.

"Sasa kata vile unakataka siku zote," alisema. "Hata ongea na simu."

Hakuongea na simu. Lakini aliniuliza kama nakula huko Morningside, na huyo binti wa Arusha anapika nini, na kabla sijajibu kipande kilikuwa kimeshatoka. Fundi alikichukua, akakiingiza kwenye tundu alilolikata mwenyewe kwa wembe wakati Mama akiongea. Kiliingia. Akakivuta, kikatoka. Akakiingiza tena, kikaenda mbele na kurudi bila kugusa, naye akaanza kukisindikiza kwa besi ya chini sana, wimbo ambao sikuujua.

Mtu akabisha geti. Ilikuwa saa sita kasoro, Mrundi ni mtu wa kuwahi. Mama alinitazama, mimi nikatazama sanduku lililofungwa kamba, nikaanza kufikiria jinsi ya kumweleza kijana wa watu aliyekuja kwa ahadi, kwamba imetokea hali, kwamba si kosa lake, kwamba labda wiki ijayo.

Fundi hakuinua kichwa kwenye boksi.

"Mufungulie," alisema. "Mwambie chai iko. Vifaa haviko."